Mkwe Niliyemfunika Khanga

Msinisalimie leo, jamani. Sina uso wa kupokelea salamu. Uso wangu umebaki Ujerumani, na mimi Ujerumani sijafika hata siku moja!

Natuma kwa sauti kama kawaida yangu, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Mwenye kupika asikilize huku anapika. Aliye karibu na mumewe atoke nje kwanza, asije akacheka akaulizwa. Na wewe mama mchungaji, kama umo humu kwenye kundi, jifanye umelala.

Haya.

Kabula wangu mnamjua, kitinda mimba, aliyekwenda kufanya kazi ya unesi kwa Wajerumani, yeye na mumewe. (Jina la mumewe mnalijua ninyi. Mimi silitaji. Mkwe ni mkwe hata akiwa ng'ambo ya maji.) Huyo mkwe wangu ni kijana wa Choma, kule Igunga, mtoto wa watu wa ng'ombe, ana adabu mpaka inakera. Tangu amuoe mwanangu hatujawahi kutazamana usoni. Akija hapa Mtendeni, kikohozi chake kinatangulia, anaanza kukohoa tangu kwa muuza mkaa. Nikikisikia nakimbilia uani. Yeye anasalimia mlango, mimi naitikia nikiwa nyuma ya ukuta. Hivyo ndivyo tunavyopendana. Na kula mbele yake? Weee! Mama mkwe akionekana anatafuna mbele ya mkwe, kwetu atasimuliwa mpaka wajukuu wazeeke.

Sasa Kabula kajifungua huko huko. Mtoto wa kike. Wamempa jina langu, Kalunde. Nikaruka, nikapiga vigelegele, majirani wakadhani nimeshinda pikipiki. Lakini kumwona, sijamwona! Walinitumia picha moja, mtoto kavishwa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi na blanketi mpaka kwenye mdomo. Nimeona pua. Pua tu! Nikawauliza, mmezaa mtoto au mmezaa pua?

Tatizo ni intaneti. Walihamia nyumba mpya na nyumba haina kitu. Kabula ananieleza, na siku hizi Kabula anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni: "Mama, huku unaomba kwanza. Halafu wanakuandikia barua. Halafu inakuja barua nyingine, inakwambia barua ya kwanza imefika. Halafu fundi anapanga siku yake."

"Siku yake lini?"

"Mwezi ujao, Mama."

"Mwezi ujao! Anatoka wapi huyo fundi, Ujiji kwa miguu? Babu yake babu yangu alibeba pembe za watu mpaka Bagamoyo, akarudi na nguo, akaoa, akazaa, na huyo fundi wenu bado anapanga siku!"

Basi wakawa wanaomba mtandao kwa jirani, bibi mmoja wa Kijerumani wa chini yao. Kabula akinipigia anakuwa amekaa kwenye ngazi za watu, ananong'ona kama mwizi wa kuku, mara sauti inakatika, mara anaongea kama yumo ndani ya mtungi. Picha haiji kabisa. Nikamwambia, "Kabula, mimi sifi kabla sijamwona huyo mtu aliyechukua jina langu. Lazima nimtazame nijue analitumiaje."

Akaniambia, "Mama, subiri. Fundi wetu akija, na wewe nitakuletea fundi siku hiyo hiyo. Huku watatuwekea intaneti, simu ya mezani na tivii, vyote vinatoka kwenye kitundu kimoja ukutani. Na wewe huko utaniona kwenye tivii yako, mkubwa mzima."

Siku yenyewe ndiyo leo.

Asubuhi fundi wa kwangu akaja. Kijana ana suruali imembana mpaka nikaionea huruma. Anaongea Kidaresalaam: "Shikamoo bi mkubwa! Usikonde bi mkubwa! Hii kazi ni chap!" (Mimi na mwili huu, ananiambia nisikonde.) Akapanda juu ya bati. Gu! Gu! Gu! Kuku wakahamia kwa jirani. Akafunga kisahani, akashusha waya, akaweka kijisanduku juu ya kabati, kina taa zinakonyeza konyeza kama mlevi wa sikukuu.

"Bi mkubwa, sasa tuweke neno la siri. Unataka neno gani?"

"Siri unaniuliza mbele ya mtu?" Maana Mwajuma alishaingia. Mwajuma jirani yangu wa ukuta mmoja, mtoto wa mjini, babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akaonja asali ya Tabora, akasahau njia ya kurudi.

Fundi akasema, "Ni kwa ajili ya majirani, bi mkubwa, wasije wakadandia mtandao wako."

Mbona alikoma! Mwajuma akashika kiuno, na sauti yake ile ya kuimba: "Atiii? Majirani gani hao, baba? Mimi nimezaliwa Mtendeni hii hii, nimezeeka Mtendeni hii hii, leo unakuja na kinyundo chako kunifungia hewa?"

Nikamwambia fundi aandike "Mwajuma". Yakaisha.

Halafu akaunganisha simu yangu na ile tivii, mnaijua, ile pana ambayo Kabula aliagiza niletewe, imekaa sebuleni kama mlango wa kanisa. Akachukua kopo langu la asali, akaliweka juu ya meza ya tivii, akaegemeza simu hapo. "Bi mkubwa, simu isitoke hapa. Atakayepiga ataonekana huku juu, na wewe..." Akaendelea kueleza na kueleza. Mimi nilisikia mpaka "ataonekana huku juu". Hayo mengine alikuwa anayasema ameinama, na mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye suruali, naiombea isichanike.

Akaenda zake. Suruali ikiwa nzima, Mungu ni mwema.

Nikaingia kuoga. Nikajipaka mafuta, nikavaa kitenge cha harusi ya Kabula, nikafunga kilemba, nikajitazama, nikasema huyu kweli ni bibi wa mtu. Chakula nilikuwa nimepika tangu asubuhi, ugali na mlenda, nikaufunika. Nikaapa kwamba sitii kitu mdomoni mpaka nimwone Kalunde. Mwajuma akasema, "Shoga, kwani wewe ndiye unayenyonya?" Tukakaa kwenye mkeka tunatazama tivii nyeusi. Mwajuma alikuwa kavaa mpaka hereni za dhahabu. Nikamuuliza, "Na wewe umempambia nani?" Akasema, "Ujerumani ni Ujerumani, shoga. Huwezi kujua nani anapita nyuma."

Mchana, simu ikalia. Mwajuma akabonyeza pale kwenye kijani. Loh! Kabula huyo! Uso mpana kama ngoma! Meno kama milango! Nikamwona mpaka lile kovu la tetekuwanga.

"Mamaaa! Shikamoo Mama!"

"Marahaba mwanangu, marahaba! Umekonda! Mwajuma, si amekonda?"

"Kanenepa," anasema Mwajuma. (Huyo ndiye shahidi wangu.)

"Shikamoo Mama Mwajuma!"

"Marahaba, marahaba, kipenzi. Nyuma yako ni nani huyo amekaa na kikombe?"

Nikatazama. Kweli, pembeni kwenye kochi kakaa bibi mweupe, nywele nyeupe, sweta la maua, anatupungia mkono. Kabula akasema ndiye yule jirani mwenye mtandao, amekuja kutazama kama wa kwao umewaka, na keki kaleta. Bibi akasema, "Guten takk! Guten takk!" Nikamjibu, "Na wewe mwenyewe!" Akacheka. Nikacheka. Tukapendana hapo hapo.

"Kalunde yuko wapi?" Maana salamu zilikuwa ndefu na mimi sikuja kwenye salamu.

"Kalala, Mama, ngoja nimlete." Kabla hajainuka, mlangoni kwao kukalia ngrrriii! Akaenda, akarudi anakimbia. "Mama, fundi yuko chini kwenye chumba cha nyaya, anataka nimfungulie mlango amalizie waya. Usikate simu! Ukikata sijui kama itarudi. Kaa hapo hapo, nakuja sasa hivi!"

Akaondoka. Nikabaki natazamana na kiti kitupu, pazia, na bibi wa Kijerumani anakunywa kahawa. Bibi ananitazama, mimi namtazama. Naye hakuwa na haraka.

Mara nikasikia kilio. Chembamba hicho! Ngaaa! Ngaaa! Nikasimama. "Mwajuma, ni yeye! Ni Kalunde analia! Sikia lafudhi, ya kwetu hiyo!"

Mlango kule ukafunguka. Akaingia mtu na mtoto kifuani. Kavaa fulana ya ndani, kaptula, soksi. Anambembeleza mtoto kwa wimbo wa ng'ombe. Akaja akakaa palee kwenye kiti cha Kabula. Akainua macho.

Mkwe!

Jamani. Mkwe mzima. Mpana kuliko mlango. Magoti nje! Tukatazamana macho kwa macho, kitu ambacho tangu posa mpaka leo hakijawahi kutokea. Mimi nikapiga ukelele, "Mayooo!" Yeye huko akapiga wake, "Mayooo!" Bibi wa Kijerumani akamwaga kahawa.

Ningekimbilia uani, lakini mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa. Nikaanguka kwenye mkeka kama gunia la mpunga. Nikajivuta kwa magoti kwenda nyuma ya kochi. (Na kitenge cha harusi!) Kochi lenyewe limegusa ukuta, nikaingia kichwa tu. Kichwa ndani, mengine yote nje.

Mwajuma hana msaada, kalala chini anashika mbavu. "Shoga! Shoga! Toka huko, unaonekana sehemu kubwa!"

"Nitupie khanga!"

"Ya kujifunika wewe?"

"Ya kumfunika yeye!"

Nikainyakua khanga mabegani mwake, nikainuka nimegeuza uso pembeni, nikapapasa tivii kama kipofu, nikaifunika gubigubi. Chapu! Nikachomeka pembe za khanga nyuma, isidondoke. Hakuna mkwe. Nikahema. Nikajiona mwanamke mwenye akili kuliko wote wa wilaya hii.

Mwajuma akauliza, "Kwa hiyo sasa hakuoni?"

"Ataonaje? Si nimemfunika?"

Akafikiri. "Kweli," akasema. (Mnaona? Na yeye alikubali. Sikuwa peke yangu.)

Tukamngoja Kabula. Kabula harudi. Fundi wa Kijerumani mmesikia wenyewe mwendo wake. Mtoto alishanyamaza. Na ule woga ulikuwa umenimaliza nguvu, tumbo likaanza kunguruma. Mwajuma akasikia.

"Shoga, si tule? Mtoto akija tutafunua."

Nikasema, kweli, mkwe kafunikwa, hakuna haramu hapa. Nikaleta ugali, nikaleta mlenda. Nikavua kilemba, maana joto. (Nywele nilikuwa nimefumua upande mmoja, upande mwingine bado. Msiulize.) Nikanyoosha miguu yote miwili mbele ya tivii. Nikanawa. Nikaanza.

Na mlenda wangu mnaujua. Ule unaovutika. Unachota hapa, ukifika mdomoni uzi bado uko bakulini, unaukata kwa kuuzungusha hewani namna hii. Nikazungusha. Nikamumunya vidole. Nikatoa sauti ya mtu aliyeshiba nusu.

Chini ya khanga nikasikia: "Ehm! Ehm!"

"Mkwe anakohoa," anasema Mwajuma.

"Baridi ya huko hiyo. Fulana ya ndani nchi ya barafu, atakosaje kukohoa?"

Nikaendelea. Tena: "Ehm! Ehm! Ehm!"

"Kifua hicho kibaya," nikasema. "Nitamtumia asali na tangawizi." Halafu, kwa kuwa shetani hanaga kazi nyingine, nikamwigiza. "Ehm! Ehm! Shikamoo mlango! Ehm! Mlango hujambo?" Mwajuma akapaliwa na ugali. Mnanijua, mimi mtu akinichekea siachi. Nikasimama na tonge mkononi. Nikamwigiza anavyotembea, ile miguu ya kuchunga, anaruka hata pasipo na dimbwi. Nikamwigiza siku ya posa, nilipomchungulia nyuma ya pazia, alivyopiga magoti pale mlangoni, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia kama kobe, na yeye anakificha kwa kidole cha pili: "Mwambieni mama... ehm... mwambieni mama tumekuja kwa heri..." Na kidole kinatoka! Anakirudisha! Kinatoka! Mwajuma anapiga mkeka kwa viganja, machozi yanamtoka, anasema, "Acha shoga, acha, nitakufia!"

Chini ya khanga: "EHM! EHM! EHM!" Na nyuma yake kicheko. Hi hi hi hi! Kicheko cha bibi.

"Huyo bibi wa watu anacheka nini?" nikauliza.

"Labda na wao wamewashiwa tivii yao," anasema Mwajuma.

Basi nikamwigiza na bibi. "Guten takk! Guten takk!" na bakuli la mlenda nimelishika kama kikombe cha kahawa, kidole kidogo juu. Hapo kicheko cha kule kikawa kikubwa. Nikasema, hicho kipindi chao lazima kizuri.

Mara nikasikia mlango kule, na sauti ya Kabula:

"MAMA!"

Nikaganda.

"Mama! Unafanya nini mbele ya Baba Kalunde?"

"Mbele gani? Nimemfunika!"

"Umefunika tivii, Mama! Simu hujaifunika! Simu ndiyo inayokuona!"

Taratibu, nikashusha macho. Chini ya tivii. Kopo la asali. Simu imeegemea pale, inanitazama. Kijicho kile kidogo cha duara. Na mimi niko mbele yake, nywele upande mmoja, tonge mkononi, uzi wa mlenda unatoka kidevuni mpaka kifuani unameta kama mkufu.

"Tangu lini?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Tangu mwanzo, Mama! Hapa kwetu uko kwenye tivii mpya! Sauti fundi kaiweka juu, anajaribu!"

Mayo wee. Kwa hiyo mimi ndiye niliyewazindulia tivii!

Nikarukia khanga nijifunike. Khanga ipi? Ile ile ya kwenye tivii! Nikaivuta kwa nguvu, nikajifunika kuanzia utosini. Halafu nikakumbuka kwamba tivii sasa iko wazi. Nikafumba macho ndani ya khanga. Mwajuma, yule mnafiki, alishajipanguza mdomo, kakaa vizuri na hereni zake kama mgeni wa heshima asiyehusika.

Kisha nikamsikia Mwajuma anasema polepole, bila kuimba: "Shoga. Fungua macho. Tazama."

"Sitazami! Mkwe yupo!"

"Uso wake hauonekani. Tazama, nakwambia."

Nikachungulia kwa kitundu kilichounguzwa na pasi. Nikaona mgongo. Mkwe wangu kasimama kaipa tivii mgongo, paji la uso kaligusisha ukutani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Na begani kwake, uso umeelekea kwetu, hakuna kofia, hakuna blanketi, macho yameng'aa kama ya ndege, Kalunde.

Kalunde ananitazama mimi.

Kabula akasema, sasa na yeye kashusha sauti, "Mama, Baba Kalunde anasema nikwambie. Alipokuona alijua wewe huwezi kumtazama. Ndiyo akageuka ukutani, akampandisha mtoto begani ili umwone bila kumwona yeye. Amesimama hivyo muda wote. Alikuwa anakohoa ili ufunue."

Jamani, wenzangu.

Mtoto niliyekuwa nimemngojea, niliyekataa hata chakula kwa ajili yake, alikuwa hapo hapo mbele yangu, kainuliwa begani nimtazame, na mimi nimemfunikia khanga, nakula mlenda!

Nikaiteremsha khanga mpaka kwenye pua. Nikamtazama. Paji la uso langu. Masikio ya kwao, hayo hakuna la kufanya. Nikamwambia, "Kalunde. Hujambo mwenzangu?" Akafungua kinywa, akapiga mwayo mrefu, wa mtu aliyetazama kipindi mpaka mwisho. Hapo macho yangu yakaingiwa na moshi. Jiko lilikuwa limezimika, lakini ni moshi.

Halafu nikaona mgongo wa mkwe unatetemeka. Mabega yanapanda yanashuka, mtoto naye anapanda anashuka. Roho ikanitoka. Nikasema basi, nimemliza mtoto wa watu, kesho ng'ombe wa mahari watadaiwa na Choma nzima. "Kabula! Analia?"

Kabula akaenda akamchungulia ukutani. Akarudi kashika mdomo. "Hapana, Mama. Anacheka. Anasema tangu kwenye soksi hajapumua vizuri."

Na sauti ikatoka ukutani, ya adabu, kwa mara ya kwanza leo bila kikohozi: "Shikamoo mama."

Nikaitikia nikiwa ndani ya khanga: "Marahaba, baba. Vaa shati, utapata homa."

"Nitavaa, mama." "Kabula, mwambie mama kwamba ile soksi ilikuwa ya kaka."

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Mwambie kidole kilikuwa chake."

Mgongo ukaanza kutetemeka upya.

Tukakaa hivyo. Yeye na ukuta wake, mimi na khanga yangu, Kalunde katikati anatutazama sote, mpaka alipolala pale pale begani. Mkwe hakugeuka hata mara moja. Mguu wake mmoja ulikuwa umechoka, nikamwona anaubadilisha, anaubadilisha, lakini hakugeuka. Nikamwambia Kabula amwambie akae chini, mama ameridhika. Akasema, "Mwambie mama amtazame tu, mimi bado nina nguvu."

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwigiza anavyoruka madimbwi.

Bibi wa Kijerumani hakuondoka. Kabla hatujakata simu alimshika Kabula mkono, akamwuliza kitu, bwabwabwa, huku ananionyesha kidole. Kabula akashindwa kujibu kwa kucheka. Nikamwambia, tafsiri! Akasema, "Mama, anauliza hiyo stesheni ya Afrika tumeipata kwenye kifurushi gani, maana kwake haipo. Anasema yule mwanamke mnene ni mchekeshaji mzuri sana."

Mnene! Na keki yake!

Basi hayo ndiyo yaliyonikuta, na nimeyasema mwenyewe kabla Mwajuma hajafika bombani kuyatia chumvi. Kalunde nimemwona, mzima, mzuri, jina langu linamkaa. Aibu nitaizoea. Ila humu ndani sitaki kusikia mtu anacheka. Mnajua sauti zenu zote naweza kuziigiza, na Jumapili baada ya ibada sina kazi.